Kengele ya Duka la Peremende

Bregnedal, 9 Novemba 2017

Mwanangu Asger,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Natumaini wewe, Femke na mtoto hamjambo huko Rotterdam. Huku tu wazima, isipokuwa baba yako. Holger amefanyiwa upasuaji wa goti, sasa anatembelea magongo, na kila anayeingia mlangoni lazima aonyeshwe kovu, atake asitake. Jana alimwonyesha mtu wa posta. Mtu wa posta ana haraka zake, lakini Holger alikwisha kunja suruali.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu siiamini tena. Nikisema neno kwenye simu au nikiandika kwenye ukurasa wa klabu, kesho yake kuna mtu analo. Karatasi angalau lazima uifungue ndipo uisome.

Jambo lenyewe ni duka. Nikisema duka unajua ni lipi. Msimu ulipofungwa, Bustani ya michezo ilibandika tangazo mlangoni, kwamba duka la peremende litabuniwa upya na kufunguliwa mwezi wa nne "likiwa na sura mpya ya furaha." Sura ya furaha! Kwa hiyo marehemu mume wangu, mjomba wako Villy, alikuwa akipika sukari kwenye matanga miaka yote ile? Wanataka kung'oa mbao za kahawia na kuweka pinki. Pinki, Asger. Na peremende za kiwandani zikining'inia kwenye mabomba ya plastiki, ujichotee mwenyewe. Sufuria ya shaba hawaisemi. Kulabu ya kuvutia sukari hawaisemi. Meza ya marumaru hawaisemi. Wala lile jukwaa la mbao ambapo watoto husimama kungoja kipande cha kwanza, kikiwa bado cha moto, cha bure. Sijawahi kuona mtu anakuja pale kwa ajili ya kununua. Watu huja kupewa kile kipande, kisha wananunua kwa aibu.

Klabu yetu ya wapenzi wa Bustani imepasuka katikati. Sisi wazee wanatuita Kahawia, wao tunawaita Pinki. Juzi kwenye kahawa ya klabu dada mmoja wa Pinki aliniuliza mbele ya watu, "Gudrun, tangu lini ukalamba ukuta? Si peremende ni ile ile?"

Nikamwambia, "Na wewe tangu lini ukajua peremende? Unazozila ni za kituo cha mafuta."

Birthe mwenyekiti akagonga kikombe na kutuimbisha wimbo ili tupoe. Hatukupoa.

Ila mimi Pinki hawanisumbui. Anayenisumbua ni mtu anayeandika kwenye ukurasa wetu kwa jina la Pipi ya Chumvi. Hana picha, hana jina, na anajua mno. Kabla Bustani haijasema lolote, yeye aliandika: "Lieni mapema, marumaru itakatwa vipande viwili kabla ya Krismasi." Anatucheka, mjinga yule. Nani angejua jambo hilo isipokuwa mtu wa ndani, au mtu anayealikwa ndani kunywa kahawa? Na anayealikwa ndani kunywa kahawa ni mmoja tu, Preben. Unamkumbuka, dereva wa basi mstaafu, rafiki wa mjomba wako, ambaye mifuko mitupu ya peremende ya kila msimu ameipiga pasi na kuipanga kwenye makabati. Anawakopesha Bustani mifuko yake kwa maonyesho. Nasema wanamlipa kwa siri za duka.

Wewe kazi yako ni kuchora majengo. Niambie watu kama hawa huzuiwa vipi. Na siku hizi unachora nini? Uliponipigia siku yangu ya kuzaliwa nilikuuliza, nawe ukasema mtoto analia. Mimi sikumsikia.

Shangazi yako,
Gudrun


Rotterdam, 2 Desemba 2017

Mpendwa Shangazi,

Barua yako ilinifurahisha, hasa kovu la Baba. Huku hatujambo. Liv ameota meno mawili na anatung'ata sote kwa zamu. Femke anakusalimu, anasema ile sweta uliyoifuma inamtosha mtoto na nusu yake inabaki.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi. Nachora mambo ya viwanja vya ndege, vyoo, njia za kupita watu, vitu ambavyo havina hadithi.

Kuhusu duka, sikuambii uache kupigana. Nakuambia tu kwamba jengo nalo huzeeka kama goti la Baba. Ule ukuta wa nyuma ya kulabu umeoza kwa ndani, huwezi kuupaka rangi ukadhani umemaliza. Na sheria za afya siku hizi hazikubali sukari ichemke mbele ya watoto bila kizuizi. Mchoraji yeyote atakayepewa kazi hiyo amefungwa mikono kabla hajashika kalamu.

Labda tusiulize ukuta uwe rangi gani. Tuulize ni kitu gani pale hakipaswi kufa. Kama ungeruhusiwa kuokoa kitu kimoja cha zamani, Shangazi, kitu ambacho Mjomba Villy angekililia, ungechagua nini? Nauliza tu.

Na tafadhali, mwache Preben. Hana hila yule mzee.

Wako,
Asger


Bregnedal, 19 Desemba 2017

Mwanangu Asger,

Heri ya Krismasi kwenu nyote watatu. Nimetuma biskuti kwa njia ya posta, zikifika zimevunjika kula hivyo hivyo. Baba yako ameacha gongo moja. La pili analibeba ili watu wampishe kwenye foleni.

Ulisema ukuta wa nyuma ya kulabu umeoza kwa ndani. Sawa.

Klabu ilikuwa na karamu yake ya Krismasi. Vitumbua na jamu, divai ya moto yenye zabibu, kama kila mwaka, isipokuwa safari hii Kahawia walikaa upande wa dirisha na Pinki upande wa jiko, na kwa kuwa vitumbua vilikuwa jikoni sisi tulikula vilivyopoa. Preben alikaa peke yake karibu na makoti. Hakuna aliyemsogelea, kwa sababu nimekwisha kuwaambia ninavyomwona. Alipita akaniambia, "Gudrun, nimekukosea nini?"

Nikamwambia, "Jiulize mwenyewe, Pipi."

Akanitazama kama niliyemsemesha Kichina. Ama ni mwigizaji mzuri ama ni mzee aliyechoka. Pipi ya Chumvi naye wiki hiyo hiyo aliandika tena: "Marumaru bado ipo. Kelele zinasikika. Sasa pigieni kelele jukwaa la watoto." Ona dharau. Anatupangia mpaka la kulilia.

Sasa swali lako. Nimelifikiria sana, maana si kila siku kijana wa viwanja vya ndege huulizia moyo wa mjomba wake. Nitakujibu, lakini nakuambia wewe peke yako. Sijamwambia Birthe, sijamwambia mtu.

Ni kengele. Wewe hukuiona, iliondolewa kabla hujazaliwa, mwaka ule walipojenga treni ya mbao ya kupanda na kushuka, kwa sababu watu walikuwa wanachanganya milio. Ilikuwa kengele ndogo ya shaba iliyopakwa kijani, imening'inia kushoto kwa kulabu kwa ukanda wa ngozi. Sukari ikishavutwa ikawa nyeupe, iko tayari kukatwa, Villy alikuwa anaupiga ule ukanda mara moja tu kwa kiwiko, kwa sababu mikono imejaa, na watoto walikuwa wanashuka kwenye farasi wa kuzunguka kabla hawajasimama. Alipoambiwa inaondolewa hakula siku ile.

Basi ndiyo hiyo. Ingekuwa mimi, ningeokoa kengele.

Shangazi yako,
Gudrun


Rotterdam, 11 Februari 2018

Mpendwa Shangazi,

Najua nimenyamaza mno. Biskuti zilifika nzima, zote zimeliwa. Liv aliugua kikohozi Januari yote, sasa amepona. Kisha kulikuwa na kazi, siku hizi nalala ofisini zaidi ya nyumbani, na Femke amekwisha kuniuliza kama nina nyumba nyingine.

Baba ameniambia kwenye simu kwamba unataka Preben afukuzwe kwenye klabu, na kwamba umeipeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa Machi. Shangazi, nakuomba usifanye hivyo. Preben siye. Nakuomba pia usiniulize najuaje.

Sina la kuongeza leo. Huku mvua.

Wako,
Asger


Bregnedal, 18 Machi 2018

Asger,

Baba yako hajambo. Mimi sijui kama sijambo.

Jana ulikuwa mkutano mkuu. Tuliimba, tukanywa kahawa, tukapitisha hesabu. Kabla ya kufika kwenye hoja yangu dhidi ya Preben, Birthe alisema Bustani imetuletea zawadi: mama mmoja wa ofisini kwao aitwaye Lone amekuja na michoro ya duka jipya, tuione kwanza kabla ya watu wengine wote. Wakazima taa. Ikaja picha ya kwanza ukutani, pinki tupu, Kahawia tukaguna. Ya pili mabomba ya peremende, tukaguna tena. Ikaja ya tatu, pembe ya kupikia. Marumaru ipo, nzima. Kulabu ipo. Jukwaa la watoto lipo.

Na kushoto kwa kulabu, kwa ukanda wa ngozi, kengele ya kijani.

Lone akasema, "Mchoraji wetu amefanya utafiti wa kina. Tunairudisha kengele ya asili."

Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Kisha Preben akasimama gizani, akasema, "Kengele! Jamani, kengele! Nilikuwa mdogo, nikiisikia tu mama ananiachia mkono." Birthe akatoa kitambaa. Mwingine nyuma akasema yeye alikuwa akiisikia mpaka kule kwenye maegesho ya magari. Hata Pinki walipiga makofi, na wale wengi wao walizaliwa juzi.

Asger, kengele haijawahi kuwepo. Niliitunga hapa mezani, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, ile rangi ya kijani nikaitoa kwenye birika. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani.

Tangu ile barua yako ya kwanza nilijua kuna kitu. Mimi nimelala miaka yote hiyo na mtu aliyepikia mbele ya ukuta ule na sikujua kwamba umeoza kwa ndani. Mtu wa vyoo vya uwanja wa ndege alijuaje? Nilitega mtego nikiomba Mungu usiunase. Niliomba kweli. Nilikuwa tayari awe Preben.

Ilipofika hoja yangu nilisimama. Watu wote wananitazama, Preben kaweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyeko kwa daktari wa meno. Nikasema, "Naiondoa hoja. Nimekosea."

Preben akasema, "Naomba hilo liandikwe. Gudrun amekosea." Limeandikwa.

Kwa hiyo duka la Villy umelichora wewe. Pinki ni wewe. Pipi ya Chumvi bila shaka ni wewe, unatucheka sisi wazee kwa jina la bandia huku unaniandikia "Mpendwa Shangazi." Uliniuliza mjomba wako angelilia nini, nikafungua mdomo, ukapeleka ofisini. Ingekuwa kweli je? Ingekuwa kitu chake cha kweli, nacho sasa kimetundikwa ukutani kuuzia pipi za plastiki?

Sikukulea mimi, lakini kila kiangazi ulilala kwenye kitanda changu cha wageni na vidole vyako vilinata mpaka Septemba. Nilidhani hilo lina maana. Nimeumia, nakuambia wazi, nimeumia sana. Kama huna jibu la maana usiandike.

Gudrun


Rotterdam, 25 Machi 2018

Shangazi,

Nimeacha salamu kwa sababu najua utaziruka.

Nilijua kwamba hakukuwa na kengele.

Nilipopata barua yako ya Krismasi nilimpigia Baba. Yeye ndiye aliyelipaka rangi lile duka lilipofunguliwa, na kila misimu mitatu baada ya hapo. Alicheka mpaka gongo likaanguka. Akasema, "Kengele gani? Gudrun anavua samaki. Angalia usiwe samaki." Na mimi mwenyewe nilisimama kwenye lile jukwaa kila kiangazi. Mjomba Villy hakuwahi kupiga chochote. Alikuwa akinyamaza. Wakati wote akipika alikuwa anaongea, anatania, anauliza majina ya watoto, na sukari ikiwa tayari ananyamaza ghafla, na ule ukimya ndio uliotuleta mbio. Wewe ulijua nalijua hilo. Ndiyo maana hukulitaja.

Kazi ilipoingia ofisini kwetu niliomba nipewe mimi, nikaipata kwa sharti la kusaini karatasi kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata wa nyumbani. Ilikuwa ama mimi ama mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hajawahi kunata vidole. Rangi ya pinki waliichagua Bustani, nilipinga nikashindwa. Marumaru walikuwa wanaikata kweli. Niliandika kwa jina la Pipi ya Chumvi kwa sababu nilitaka mpige kelele, na mlipopiga kelele, marumaru ikabaki. Nikaandika tena, jukwaa likabaki. Wewe ulisoma ukaona mtu anacheka. Nilikuwa nakuomba msaada na sikuweza kuweka jina.

Kioo kinawekwa mbele ya sufuria, hapo sheria imenishinda. Lakini kioo kina dirisha chini, kwenye kimo cha mtoto, la kutolea kipande cha moto. Nilipigania dirisha lile kuliko kitu kingine chochote maishani.

Kuhusu kengele. Ulikuwa unaniuliza swali, na mimi sikuruhusiwa kujibu. Ungeniuliza ana kwa ana ningekudanganya, na ungejua. Basi nikaichora kengele. Nilijua utaiona na utajua ni mimi. Kengele haikusaini karatasi yoyote.

Sikufikiria kwamba watu wataikumbuka. Hilo linanitisha mpaka sasa.

Ukimpa Birthe barua hii sitakuwa na kazi, na ofisi itaburutwa magazetini kwa utafiti wa uongo. Una haki. Sitakuomba usifanye. Nimekuomba mambo mengi mwaka huu.

Asger


Bregnedal, 29 Aprili 2018

Mwanangu Asger,

Salamu kwa Femke, na mbusu Liv. Baba yako sasa anatembea bila gongo lolote na hana tena la kuongea na watu, kwa hiyo amerudia kulaumu serikali.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha nikawa sina hasira lakini nilitaka kuona kwanza kwa macho yangu. Barua yako nimeichoma kwenye jiko. Kabla ya hapo nilimpelekea Preben keki ya tabaka tatu. Aliipokea, akaikagua pande zote, akasema, "Umeweka nini ndani?" Sikumlaumu. Sasa tunasalimiana.

Jana duka lilifunguliwa. Pinki ni mbaya, nakuambia bila kuficha, macho yanauma. Mabomba ya plastiki niliyapita bila kugeuza shingo. Kahawia tulisimama nyuma tumekunja mikono, Pinki mbele na simu zao. Mpishi ni dada mmoja anaitwa Maiken, ana mikono mizuri, anavuta sukari bila papara. Jukwaa ni lile lile, nilikanyaga nikasikia ubao wa tatu ukilia. Halafu akapiga kengele kwa kiwiko, maana mikono imejaa. Umewaandikia mpaka kiwiko!

Watoto wakaja mbio. Asger, walikuja mbio kweli, wanasukumana, mmoja kiatu kimemvuka. Dirisha likafunguliwa chini ya kioo, vipande vikaanza kutoka vya moto. Mimi siko kwenye kimo cha mtoto, lakini nilichuchumaa, nikanyoosha mkono pamoja nao, nikapewa. Ni ile ile. Nilikaa pale chini zaidi ya ilivyopasa, na Holger akadhani nami goti limenikamata.

Nilipoinuka Birthe alikuwa na kipaza sauti. Amekwisha kusema kuhusu sauti ya utoto wetu na kadhalika, Lone wa Bustani yuko kando yake anatabasamu, mwandishi wa gazeti la mji ameshika kalamu. Birthe akanisukumia kile kipaza sauti usoni. "Gudrun, wewe ndiye mke wa Villy. Tuambie ukweli. Ndivyo ilivyokuwa?"

Unanijua. Majira yote ya baridi nimewinda mwongo, nimemkosesha usingizi mzee asiye na hatia, nimesema mbele ya watu wote kwamba mimi nataka ukweli tu, basi. Sasa huu hapa, na kipaza sauti juu. Preben alikuwa ananitazama na macho ya maji. Baba yako akaanza kukohoa.

Kuna likizo ya Pentekoste. Njooni wote watatu, kitanda cha wageni nimekitandika, na nitapika sukari kwenye sufuria yangu ndogo ili mtoto aone jinsi Villy alivyokuwa akinyamaza. Hilo liko kwetu tu, halijaenda ofisini kwa mtu. Barua hii nayo ichome.

Nikaitazama ile kengele yako, nikakishika kipaza sauti, nikasema, "Ya zamani ililia kwa sauti ya chini kidogo."

Na Preben akaitikia kwa kichwa, polepole, akawaambia watu, "Kweli kabisa. Chini kidogo."

Shangazi yako,
Gudrun